Habari Mbaya ya Mtoto Nataka Niipate Leo

“Ukimchekea nyani utavuna mabua.” Nilipokuwa natafuta dada wa kunilelea mtoto, kila shoga niliyemwomba ushauri alinipa methali hiyo, na kila mmoja aliitoa kama vile ameitunga yeye. Maelezo yake yalikuwa yaleyale: usimzoee, usicheke naye sana, usimsifie mbele ya wageni, na akikosea mfokee papo hapo ili ajue nani mwenye nyumba.

Sikuufuata ushauri huo, na si kwa sababu ya upole. Wanaonijua hapo watacheka. Niliukataa kwa hesabu. Mtu anayebaki na mwanangu tangu alfajiri hadi magharibi ndiye pekee anayejua kilichompata mchana, na mtoto mwenyewe hajaanza kusema. Nikimtia mtu huyo woga, nitarudi jioni nikute nyumba inang’aa, mtoto kaoga, na neno “salama tu dada” mlangoni. Na kama mtoto alidondoka kitandani saa nne asubuhi nitaligundua usiku akianza kutapika, au nisiligundue kabisa.

Kwa hiyo kila nitakachoandika hapa kuhusu kuzungumza na mlezi mambo mazito kinatoka kwenye shabaha moja tu: nataka habari mbaya inifikie mapema, na niletewe na yeye mwenyewe. Usafi, upishi, kufua, hayo yote nayajali, lakini yakigongana na hilo, yakae pembeni.

Tuanze na maziwa, maana ndiko wengi tunakoanzia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama wa Tanzania likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Ukitoa moja kwa nyingine, inabaki kama miezi mitatu ambayo kazi hiyo inashikwa na mtu mwingine mwenye kikombe, kijiko na maziwa uliyokamua usiku ukisinzia. Sheria hiyohiyo inaruhusu muda wa hadi saa mbili kila siku ya kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Anayefanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam, na kuishi Kinyerezi, pembezoni mwa jiji, anajua muda huo unaishia barabarani. Wengi tunauchukua jioni, tunawahi kutoka.

Dada wangu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu kutoka Singida, aliyewabeba wadogo zake mgongoni tangu yeye mwenyewe akiwa mdogo. Mtu kama huyo humfundishi kushika mtoto. Ila nilikuwa na shaka juu ya maji, kwa sababu Dar ina joto na kila mgeni anayeingia nyumbani anasema “huyu mtoto ana kiu”. Ningemuuliza “unampa maji?” jibu lingekuwa “hapana dada”, na pale pale mazungumzo yangekufa. Nikamuuliza hivi: “Kwenu mtoto mchanga akikauka midomo mnamfanyaje?” Akanieleza bila wasiwasi: maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja kimoja, yenye glukosi kidogo. Hakuwa anakiri kosa. Alikuwa ananifundisha. Nami nikawa nimeshapata nilichokuwa nakitafuta.

Hapo ndipo nikamwambia ninachokijua: kwamba maziwa ya mama karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji, kwamba tumbo la mtoto ni dogo na maji yanalijaza bila kumshibisha, na kwamba maji yasiyo safi yanaleta kuhara. Pia kwamba maziwa yaliyokamuliwa yanastahimili kama saa nne nje ya friji panapokuwa na nyuzi 25 au chini yake, na sebule yetu mwezi wa Februari haijawahi kuona nyuzi 25. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: “Na umeme ukikatika?” Mtu aliyefokewa haulizi swali kama hilo. Tukakubaliana: umeme ukikatika friji lisifunguliwe ovyo, ukizidi muda anipigie, na maziwa yakimtia shaka ayamwage bila kuniogopa. Hilo la kumwaga nililirudia mara mbili, kwa sababu mtu anayeogopa gharama atamnywesha mtoto maziwa yaliyoharibika ili asionekane mharibifu.

Sisi watu wa huku tumelelewa katika kusema kwa kuzunguka. Khanga inasema, taarabu inasema, na mama mkwe anaweza kukusema nusu saa nzima akiongea na paka. Naipenda sanaa hiyo. Kwa majirani na mawifi ina kazi yake. Lakini kwa mlezi wa mtoto ni hasara tupu. Umeshawahi kusikia mtu anambeba mtoto na kumwambia, “Pole mwanangu, leo hata nepi hatukubadilishwa eeh?” huku dada yuko jikoni anasikia? Dada anabaki na kidonda bila taarifa. Anajua umechukia. Hajui kama tatizo ni nepi moja au ni kazi yake yote, na kesho yake atabadilisha nepi mbele yako na kukununia nyuma yako.

Upande wa pili kuna wale wa kikao. Mambo yanalimbikizwa tangu Pasaka, halafu siku moja mume anaitwa, televisheni inazimwa, dada anakalishwa kwenye kiti cha pembeni kama mtuhumiwa, na orodha inasomwa. Akitoka hapo anafunga begi. Mimi naamini katika jambo moja kwa siku moja, likiisha limeisha.

Wakati nao una uzito wake. Asubuhi mlangoni hapana, maana mimi nawazia basi la mwendokasi na yeye ana mtoto analia mkononi. Jioni nikiingia hapana, sote tuna njaa na uchovu. Kwetu ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mtoto akiwa amelala, tukikunja nguo. Kukunja nguo kuna siri yake: mikono ina kazi, macho yana pa kutazama, na mtu anaweza kusema neno zito bila kukutazama usoni. Mengi niliyoambiwa na dada niliambiwa kati ya shuka na shuka. Mume wangu hakuwepo, na hakuhitaji kuwepo. Binti anayesahihishwa mbele ya baba mwenye nyumba anasikia aibu kabla ya kusikia maneno.

Suala la simu nalipita haraka. Anaitumia, nami naitumia, tulikubaliana iwe mbali wakati wa kumwogesha na wakati kuna jiko linawaka. Basi.

Dawa ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mtoto anapata homa. Mimi nimempa paracetamol ya maji alfajiri kabla ya kutoka. Saa tatu dada anamgusa, bado wa moto, anampa tena. Mchana bibi yake anakuja kumjulia hali akiwa na chupa yake kwenye mkoba. Kila mmoja ametenda kwa upendo, na mtoto amemeza kuliko kipimo. Paracetamol kwa mtoto hupimwa kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa kupishana angalau saa nne, na isizidi mara nne ndani ya saa 24. Ikizidi inaumiza ini, na ini halipigi kelele mapema.

Tukaning’iniza daftari kwenye mpini wa friji: saa, dawa, kiasi, nani ametoa. Mimi naandika, dada anaandika, bibi anaandikiwa. Uzuri wa daftari ni kwamba halimtuhumu mtu. Badala ya “umempa dawa saa ngapi?” kwa ile sauti tunayoijua, nasoma tu. Baadaye likaanza kubeba na mengine, kujikwaa, kukataa uji, choo chenye rangi ngeni. Siku moja nilikuta ameandika: “Ameanguka kwenye ngazi ya nje. Hakuzimia. Amelia, amekunywa maziwa, anacheza. Namwangalia asitapike.” Alishanipigia nikiwa kwenye mkutano sikupokea, ndipo akaandika. Nilimshukuru kabla ya kumgeuza mtoto kutafuta nundu. Mpangilio huo ni wa makusudi, na kwa mama si rahisi hata kidogo.

Kuna dawa nyingine ambayo wazazi wa mjini wanaizungumzia kwa kunong’ona: ya mafua au ya mzio, ile inayoleta usingizi, inayopewa mtoto ili alale mchana kazi ziende. Ni hatari kweli. Promethazine, kwa mfano, haitakiwi kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kumzuia kupumua. Ukimkuta mwanao analala kupita kawaida na anaamka mzito, usianze na “unamlewesha mwanangu”. Anza na siku yenyewe ilivyo. Nilimwomba dada anisimulie mchana wake, si kwa kumshuku, na nilichosikia kilinitosha: kufua kwa mkono, maji ya kuchota yakikatika bombani, kupika mara mbili, kudeki, na mtoto anayeng’ang’ania kubebwa. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Anayempa mtoto dawa ya usingizi mara nyingi ni mtu aliyepewa siku isiyowezekana na kuambiwa ajitahidi. Kwa hiyo tulipozungumza dawa, kwa kweli tulizungumza vyombo. Nilimwambia mtoto akiwa macho, vyombo vikae. Kisha ikanibidi kurudi nyumbani, kukuta sinki limejaa, na kufunga mdomo. Ukiguna hata mara moja, makubaliano yote yamekwenda na maji.

Na mshahara. Huwezi kumwambia mtu jambo gumu tarehe tano wakati hela yake ya mwezi uliopita bado iko kwako. Atasikiliza kwa adabu, na moyoni atakuwa anakujibu. Amri ya mshahara iliyotumika tangu Januari 2023 hadi mwisho wa 2025 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa asiyelala. Sheria ya ajira inampa likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Wengi tunayaita hayo fadhila, na tunayataja wakati wa ugomvi: “baada ya yote niliyokufanyia.” Maoni yangu ni kwamba anayelipa kima cha chini kumlea mtoto mchanga saa kumi na nne kwa siku amenunua ukimya, hata kama hakukusudia.

Dada alipoondoka kwenda kusomea ushonaji, mtoto alishaanza kutembea, tukampeleka kwa mama mmoja wa Tabata anayelea watoto wa mtaa nyumbani kwake. Mambo yakageuka. Huyu ni mtu mzima, wajukuu anao. Asubuhi mimi ndiye ninayempa shikamoo, na yeye ananiita “mwanangu”. Sasa mtu aliyelea watoto kabla sijazaliwa unamsahihishaje?

Jaribio lilikuja na kikohozi. Mtoto alikohoa wiki nzima, hasa usiku. Mama wa kituo, ndivyo tunavyomwita huyu wa Tabata, akamfungua kinywa, akatazama, akaniambia, “Huyu ana kimeo. Kuna mzee Buguruni anakata vizuri, dakika moja tu.” Mliokulia mjini kabisa pengine hamjui: kimeo ni kile kinyama kinachoning’inia kooni, na wako wanaoamini kwamba kikirefuka ndicho kinacholeta kikohozi, hivyo kikatwe. Kinakatwa kwa kifaa ambacho hujui kimepita kwenye makoo mangapi, na watoto wamefika hospitali wakivuja damu au wana maambukizi ya kutisha.

Maneno yalinijaa mdomoni, mengi yasiyofaa kuandikwa. Nilichosema ni hiki: “Mama, nimekusikia, na ninyi mmeona watoto wengi kuliko mimi. Ila kukata sitaki. Na naomba hili moja: mtoto asipelekwe popote, wala asikatwe wala kunyweshwa kitu, mpaka nyie na mimi tumesikilizana kwenye simu. Kesho naomba twende wote hospitali, mkamweleze daktari mlichokiona.”

Sikumwambia imani yake ni ya uongo. Sikuwa nahitaji abadilishe imani, nilihitaji ahadi moja yenye mipaka inayoonekana. Watu tunakosea kwa kudai vyote viwili kwa pamoja, mtu akubali kwamba hajui na hapo hapo akuahidi, na mtu mzima akivunjiwa heshima anaweza kuitikia mdomoni na kufanya lake ukigeuka. Hospitali alikuja amevaa khanga yake nzuri. Muuguzi alimgeukia yeye, si mimi, akamwonyesha kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima: wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, au kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta hewa, hapo ni kukimbia hospitali. Wetu alikuwa na mafua tu. Kuhusu kimeo bado ana maoni yake, na tumekubaliana kuyaacha. Pumzi anazihesabu kwa saa ya ukutani, za watoto wote.

Jambo la kofi sikulipeleka mwenyewe. Nilimwona akimchapa mtoto wa mwenzangu mkononi, kofi dogo, la kawaida kwa watu wengi wa rika lake, nikajua na wangu atafikiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haijafuta adhabu ya namna hiyo moja kwa moja, lakini inasema hakuna adhabu inayohalalika kama mtoto, kwa udogo wake, hawezi kuelewa kwa nini anaadhibiwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu yumo humo. Nilimtuma mama yangu mzazi. Najua nimetoka kulaani kusema kwa kuzunguka, lakini mjumbe ni kitu kingine: analibeba neno likiwa zima, na analifikisha kwa mtu wa rika lake. Walikaa mchana kutwa, wakanywa chai, wakazungumza vifo na harusi, na katikati ya hayo mama akalisema waziwazi. Sikuambiwa yote. Niliambiwa tu, “Tumeelewana.”

Yapo yasiyo ya kuzungumza na mlezi. Ukiona alama za mwilini zisizoelezeka, maumivu sehemu za siri, au hofu ya ghafla kwa mtu fulani, usimkalishe mtu kikao. Mtoto aende hospitali kabla ya kuogeshwa au kubadilishwa nguo, na taarifa ifike Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hailipiwi. Na usimfukuze dada usiku huohuo kwa hasira. Huenda yeye ndiye shahidi, na huenda naye ameumizwa na mtu yuleyule.

Mwezi uliopita mama wa kituo aliniambia niketi. Watoto wengine walishachukuliwa. Alitandika mkeka, akanipa maji, akazunguka kidogo kama kawaida ya watu wazima, kisha akasema: “Mwanangu, mimi si daktari. Lakini huyu nikimwita kwa nyuma hageuki. Nimegonga sufuria, wenzake wote wameruka, yeye siku nyingine anageuka, siku nyingine hageuki.”

Nilimuuliza ameliona tangu lini. Akasema tangu kabla ya Idi. Nikamuuliza, taratibu, kilichomzuia. Kumbe miaka ya nyuma alimwambia mzazi mmoja kwamba mwanawe amechelewa kusema, yule mzazi akamjia juu, “unamchuria mwanangu,” akamwondoa mtoto na kumchafua mtaa mzima. Tangu hapo huwa anapima kwanza mzazi ni wa namna gani. Mimi alinipima kwa kimeo, ndivyo alivyosema. Kama ningemtukana siku ile, hili la masikio asingelileta.

Daktari wa masikio alikuta majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, pengine mabaki ya mafua yale yasiyoisha. Alisema mara nyingi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu hivi, tusubiri na tumrudishe apimwe. Kwa sasa anayezungumza naye amsogelee, amtazame usoni, na kelele za nyumbani zipunguzwe. Nilimpelekea mama wa kituo maagizo hayo jioni ileile, yeye wa kwanza kabla hata ya bibi zake. Akanyanyuka, akaichukua redio pale dirishani, akaipeleka chumbani kwake.

Kisha akarudi, akaketi vizuri. “Sasa na mimi nina la pili, mwanangu. Ada inapanda. Mkaa umenishinda.”

Nikamwomba hilo tuliongee Jumamosi.